Aneurin Bevan, muchimbaji aliyekuwa waziri wa afya

Leo tunawaelezea maisha ya mutu wa kazi sawa yenu. Aneurin Bevan alizaliwa mwaka 1897 mu Tredegar, muji wa makaa ya mawe kule Wales, katika ufalme wa Uingereza. Baba yake alichimba makaa. Yeye vilevile aliacha masomo akiwa na miaka 13, akashuka mu shimo.

Mu Tredegar wachimbaji hawakungojea serikali wala kampani. Kila mumoja alikatwa kidogo ku mushahara, na ile feza ililipa munganga, dawa na hospitali kwa jamaa yote. Kamati ilikuwa yao wenyewe, na Bevan alitumika ndani yake. Pale alijifunza kwamba watu wanaaminia sanduku wakijua nani anashika ufunguo.

Lakini sanduku la muji mumoja haliwezi yote. Mwaka 1925 baba yake alikufa juu ya vumbi ya makaa mu mapafu. Jamaa haikulipwa kitu, kwa sababu sheria haikuhesabu ule ugonjwa kuwa ugonjwa wa kazi. Na sheria, ni serikali inaiandika.

Mwaka 1929 Bevan aliingia mu bunge. Mwaka 1945, nyuma ya vita, akawa waziri wa afya. Wakati wa vita serikali iligawa chakula kwa kipimo, kwa tajiri na kwa masikini. Ndiyo maana wengi walikubali kuiachia hospitali pia. Waganga wengi walikataa, waliogopa kuwa watumishi wa serikali tu. Bevan aliwaachia ruhusa ya kutunza pia wagonjwa wanaolipa. Tarehe 5 Julai 1948 kazi ilianza: kutibiwa bila kulipa, feza ikitoka zaidi mu kodi.

Mwaka 1951 serikali iliamua kulipisha watu meno ya bandia na miwani. Bevan aliacha kiti cha waziri. Wengine walimulaumu kwamba anapasua chama juu ya kitu kidogo. Sisi tunaona alijua hivi: imani ya watu inaishaka kidogo kidogo, sawa maji mu mutungi unaovuja.

Alikufa tarehe 6 Julai 1960, siku sita nyuma ya uhuru wa Congo.

Hata kwetu watu wanabishana: hospitali iwe ya serikali, ya kampani, ao ya sisi wenyewe? Maisha ya Bevan yanatufundisha kuuliza kwanza: ufunguo uko kwa nani, na nani anahesabu feza mbele ya macho yetu?