Sharaku, Fundi wa Miezi Kumi

Kwetu Kilelengwani, jirani na Ozi anakosemekana kuzikwa Fumo Liyongo, hakuna mtoto asiyemwona akilini shujaa huyo: amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wanaogopa kuteka maji, kumbe roho imekwisha toka. Siku nilipofunua kitabu nikaona picha za Mjapani Toshusai Sharaku, nililikumbuka goti lile. Naye alichora kile kitambo ambacho mchezaji hukodoa macho akatulia kama jiwe, na watazamaji wakashika pumzi.

Sharaku alitokea ghafula mwaka 1794 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Watu wa huko walikuwa na shauku kubwa ya michezo ya kuigiza iitwayo kabuki, na picha za wachezaji zilinunuliwa kwa wingi. Mwenye kumchapishia alikuwa Tsutaya Juzaburo, ambaye mwaka 1791 serikali ilimnyang'anya nusu ya mali yake kwa sababu ya vitabu alivyovitoa. Juu ya hayo, alithubutu kumwamini mchoraji asiyejulikana.

Sharaku alichora karatasini. Fundi wa pili aliibandika karatasi juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachonga kwa kufuata mistari, kama wafanyavyo wachongaji wa milango ya Lamu. Wa tatu alipaka rangi na kupiga chapa, kila rangi na ubao wake.

Tangu mwaka 1629 wanawake walikatazwa kucheza kabuki, kwa hiyo wanaume ndio waliovaa kike. Wachoraji wengine waliwapamba wakawa wanawali. Sharaku hakumpamba mtu: taya, pua na makunyanzi ya mwanamume aliyaacha pale pale. Otani Oniji, katika sehemu ya mtumishi mwovu, alimchora shingo mbele, vidole vimetanuka, tayari kupora.

Mapema mwaka 1795, baada ya miezi kama kumi na picha zaidi ya 140, akatoweka. Mwandishi mmoja wa zama zile alisema kilichomponza ni kuuandama mno ukweli. Wataalamu wengi leo huamini alikuwa Saito Jurobei, mchezaji wa noh, mchezo wa kale wa wakubwa. Mwaka 1910 Mjerumani Julius Kurth alitoa kitabu juu yake, na jina lililosahauliwa likavuma duniani.

Ndugu msomaji, sisi hatukuzoea kutundika sura za watu. Ufundi wetu tumeutia katika milango na nakshi za misikiti. Lakini Sharaku angalau alitia jina lake katika picha zake. Je, ni mafundi wangapi wa milango yetu tunaowajua kwa majina? Wazee wanaowakumbuka wanazidi kupungua, na kalamu tunazo. Tusingoje mgeni aje kutuandikia.