Pierre Romain-Desfossés: mwalimu aliyekataa kufundisha

Hapa Lubumbashi, wakaaji wengi wamesikia majina ya Pilipili na Mwenze, wachoraji wetu wakubwa. Mzee aliyewapa rangi na karatasi, wachache ndio wanamkumbuka.

Pierre Romain-Desfossés alizaliwa Brest, kule Ufaransa, kunako mwaka 1887. Alikuwa mwanajeshi. Alifika inchi yetu akiwa tayari mtu wa umri, akabaki Elisabethville, ndivyo mji huu ulivyoitwa mpaka mwaka 1966.

Kunako 1946 akafungua chuo chake cha kuchora, chuo ambacho watu walikiita Hangar. Kati ya wa kwanza kushika rangi alikuwa Bela, boyi wake wa nyumbani, Msara kutoka upande wa Chad. Bela hakutaka burashi. Alichovya vidole katika rangi na kugonga-gonga karatasi. Muzungu mwingine angemrudisha jikoni. Huyu akamwacha aendelee.

Na njia yake yote ilikuwa hiyo. Hakuna picha ya Ulaya ya kuiga, hakuna mfano ubaoni. Aliwapeleka porini watazame, kisha kila mmoja achore vile anavyoona mwenyewe. Ndiyo maana hakuna anayechanganya Pilipili na Mwenze. Pilipili Mulongoy alijaza ndege, samaki na nyoka, nyuma yao nukta na vistari vidogo vidogo. Mwenze Kibwanga alichora watu na nyama kwa mistari mifupi iliyopangwa karibu-karibu, utasema mkeka.

Lakini tuseme ukweli: aliwaona kama watoto wake. Pilipili, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa amepita miaka 30! Kuwakinga na picha za Wazungu kulikuwa pia kuwachagulia kitu cha kutazama, na wakati ule wa ukoloni nani angembishia?

Alikufa humu mjini mwaka 1954, na Hangar ikaisha naye. Tangu 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa na Akademia yake ya sanaa, yenye masomo kamili. Pilipili na Mwenze wakaenda kule, tena kama walimu. Sasa ni wao waliopaswa kuamua wamwonyeshe mwanafunzi nini, na wamwache wapi.

Mwenze aliaga dunia mwaka 1999, Pilipili mwaka 2007. Picha nyingi za Hangar ziko Ulaya, zingine katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mtoto wa Katuba akitaka kuziona, aanze kwa kutafuta viza.