Armin Wegner na picha zilizofichwa mkandani

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili: askari anapiga risasi, askari anapiga picha. Kwangu hilo lilikuwa jambo la somo la semantiki tu, mpaka mjomba aliponitumia kwenye simu picha ya maiti iliyozungukwa na wanajeshi wanaotabasamu. Niliifuta palepale. Usiku nikaanza kujiuliza kama nilichofuta ni uchafu au ushahidi, na swali hilo ndilo lililonifikisha kwa Wegner.

Alizaliwa Elberfeld, Ujerumani, mwaka 1886. Alisomea sheria, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye ushairi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alijitolea kuwa mhudumu wa majeruhi, na huko Poland akapata nishani ya Msalaba wa Chuma. Mwaka 1915 alipelekwa katika Dola ya Waosmani, mshirika wa Ujerumani vitani.

Kando ya reli ya Baghdad aliwakuta Waarmenia waliofukuzwa makwao, wakifa kwa njaa na maradhi. Kuwapiga picha kulikatazwa. Naye alivaa sare ya jeshi lililokuwa rafiki wa wauaji. Hapo ndipo ninapokwama kila ninaposoma habari zake. Alipiga hata hivyo: mahema ya matambara, watoto yatima, maiti barabarani. Alipogunduliwa alikamatwa, akatupwa katika wodi za kipindupindu Baghdad, akaugua yeye mwenyewe. Mwishoni mwa 1916 alirudishwa kwao. Sehemu ya negativu zake aliificha ndani ya mkanda wa kiunoni.

Mwezi Machi 1919 alizionyesha hadharani Berlin. Mwaka 1933 alimwandikia Hitler kupinga mateso ya Wayahudi, akafungwa na kuteswa, kisha akahamia Italia. Alifariki Roma mwaka 1978.

Wanajeshi wa picha ya mjomba walimpiga marehemu mara ya pili. Wegner alitaka waaibike wenye amri, na kama picha ingeonekana, wa kwanza kuumia angekuwa yeye. Lakini simfanyi malaika. Wale akina mama hatuna majina yao, na sidhani kama mtu anayekata roho anaweza kuombwa ruhusa. Tena watafiti wanasema baadhi ya picha zinazobeba jina lake hakuzipiga yeye, na wanaokanusha mauaji hayo wanafurahia sana mwanya kama huo. Picha isiyojulikana imepigwa na nani, wapi, siku gani, ni rahisi kuikana.

Asubuhi nilimpigia mjomba simu, nikamwuliza picha ile ilitoka wapi. Alisema aliipata kwa rafiki, na rafiki aliipata kwa mwingine. Mahali hakujua. Akaniuliza kama nataka anitumie tena.