Seyyid Said: Mtawala wa Maskati aliyeieneza karafuu

Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Oman mwaka 1791, katika nchi ya mitende na milima mikavu. Alipofariki dunia, jina lake lilikuwa limekwishafungamana na mti usio na asili Uarabuni wala Afrika: mkarafuu.

Baba yake aliuawa mwaka 1804, na miaka miwili baadaye kijana huyo akashika hatamu za utawala mjini Maskati. Mji huo ulitegemea bahari, na macho ya Said yakaelekea pwani ya Afrika Mashariki.

Karafuu ilimtangulia huko. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliihodhi kwa muda mrefu. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kufikishwa kwa miche michache kisiwani Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa, karafuu ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Said, aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, aliiona faida yake. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mwaka 1840, merikebu yake Sultana ilitia nanga New York, karafuu ikiwa sehemu ya shehena.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuwa na gharama. Watumwa kutoka bara ndio waliofyeka misitu, wakapanda na kuchuma, na majina yao hayakuhifadhiwa. Wenyeji wengi nao walisukumwa kwenye ardhi ya mawe, mashariki ya kisiwa. Karafuu ilipozidi sokoni, bei ikaporomoka Said angali hai.

Tofauti na tufaha, lenye maelfu ya aina, mikarafuu ya Zanzibar ilitokana na ukoo mwembamba. Wakulima wengi waliegemea zao hilo moja, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo.

Said hakuyashuhudia hayo. Alifariki baharini Oktoba 1856, akitoka Oman kurejea Zanzibar, alikozikwa. Wanawe wakagombea urithi, na uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1861 ukazitenganisha dola hizo mbili.

Dola yake haipo tena. Lakini karafuu ingali inaanikwa juani Pemba, na mjini Maskati Kiswahili kingali kinasikika majumbani.