Mathew Brady: Mpiga picha aliyejenga utajiri juu ya vioo, deni likavibeba

Anayekwenda studio kupiga picha ya sura hulipia vitu viwili, ingawa mara nyingi hutajiwa bei moja. Cha kwanza ni kazi ya kupigwa na kusafishiwa picha. Cha pili ni mzizi wa picha yenyewe, ambao zamani ulikuwa negativu na leo ni faili la kompyuta. Mwenye mzizi ndiye anayeweza kutoa nakala nyingine wakati wowote. Mtu aliyetajirika kwa kuvitenganisha vitu hivi viwili, kisha akafilisika, ni Mmarekani Mathew Brady.

Brady alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1820 katika jimbo la New York, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ireland. Akiwa kijana alifika jijini New York, akajifunza upigaji picha kwa Samuel Morse, yule yule anayejulikana kwa telegrafu. Mwaka 1844 alifungua studio yake katika mtaa wa Broadway.

Picha za wakati huo ziliitwa daguerreotype. Kila moja ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na haikuwa na negativu. Mteja alilipa, akaondoka na bamba lake, biashara ikaisha.

Brady aliwaalika marais, majenerali na waandishi waje kupigwa picha, kisha akazitundika sura zao studioni. Wananchi walikwenda kuwatazama wakubwa, na wengi wakatoka wamepigwa picha zao pia. Mwaka 1851 alitunukiwa medali katika maonyesho makubwa ya London. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu ujana, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya kamera ilifanywa na waajiriwa. Mtaji wake mkubwa ulikuwa jina.

Katika miaka ya 1850 ilikuja negativu ya kioo, na hapo hesabu ikabadilika. Mteja aliondoka na karatasi, kioo kikabaki kwa mpiga picha. Brady alianza kuuza picha kubwa zilizoitwa Imperial, zenye ukubwa wa inchi 17 kwa 21 hivi. Bei yake ilikuwa kati ya dola 50 na dola 750, kutegemea kazi ya kuipaka rangi kwa mkono. Upande wa pili zilikuja picha ndogo za kadi, ambazo moja iliuzwa kwa takriban senti 25. Tajiri alilipia ukubwa na urembo, mwananchi wa kawaida akalipia nakala.

Februari 27, 1860, Brady alimpiga picha mwanasiasa Abraham Lincoln siku ambayo Lincoln alitoa hotuba kubwa jijini humo. Picha hiyo ilichorwa magazetini na kusambazwa kwa wingi katika kampeni, na Novemba mwaka huo Lincoln akachaguliwa kuwa Rais. Kukaa mara moja mbele ya kamera kulizaa nakala zisizohesabika.

Kampuni ya E. & H. T. Anthony ya New York, iliyouza vifaa vya upigaji picha, ilichapa na kuuza kadi kutokana na negativu za Brady. Kampuni hiyo hiyo ilimpa Brady vifaa kwa mkopo, na hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Brady alituma wapiga picha wenye magari ya farasi hadi medani za vita. Alitumia zaidi ya dola 100,000, akiamini kuwa Serikali ingenunua mkusanyiko wote. Picha zilitoka kwa jina lake hata pale zilipopigwa na wengine. Meneja wake wa Washington, Alexander Gardner, alijitenga na mwaka 1863 akafungua studio yake.

Mwaka 1865 Bunge la Marekani liliingiza picha na negativu katika sheria ya hakimiliki. Lakini mwaka huo vita vilikwisha, na watu hawakutaka tena kutazama maiti. Serikali haikununua. Seti moja ya negativu ilikwenda kwa Anthony kufidia deni. Nyingine ilikaa bohari, na Brady aliposhindwa kulipa gharama za kuitunza, Wizara ya Vita iliinunua mnadani mwaka 1874 kwa chini ya dola 3,000. Mwaka uliofuata Bunge lilimpa dola 25,000, lakini hazikumtoa kwenye madeni. Alifariki hospitalini New York Januari 15, 1896, akiwa maskini.

Negativu zilizokwenda kwa Anthony zilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1943. Leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bure.

Kwa mteja, somo ni kuuliza kabla ya kamera kulia. Bei hii ni ya kupigwa tu, au ni pamoja na nakala? Faili nitapewa, na je, ni lile kubwa la kusafishia au dogo la kutuma kwa simu? Litatunzwa muda gani? Sura yangu itatundikwa kwenye tangazo?

Kwa mpiga picha, faili ni mali na lina bei yake. Hapa Tanzania picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hata hivyo, sheria haimwondolei kazi ya kuandika makubaliano kwenye risiti, kutunza faili sehemu mbili na kutoliweka rehani kwa deni asilojua litalipwaje. Mali bila daftari huisha bila habari.