Edith Cavell, Mwuguzi Aliyesimamishwa Mbele ya Mahakama ya Kijeshi

Wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi wanafahamu vema kwamba kazi ya bunduki haikai mbali na kazi ya bendeji. Hakuna kikosi kinachokwenda vitani bila ya wauguzi, wala hakuna kituo cha polisi ambacho hakijapata kumpeleka mtu hospitali, awe ni mshitakiwa au askari aliyeumia kazini. Kwa sababu hiyo leo tumeona inafaa kusimulia maisha ya mwuguzi mmoja Mwingereza, Edith Cavell, ambaye alipigwa risasi na askari wa Kijerumani mjini Brussels tarehe 12 Oktoba, 1915. Jina lake limetajwa mahali pengi duniani, na mara nyingi limetajwa ili kuamsha hasira. Sisi tunalitaja ili tupate kufikiri juu ya wajibu: wajibu wa mwuguzi, wajibu wa askari, na mpaka uliopo kati yao.

UTOTO NA MASOMO

Edith Louisa Cavell alizaliwa tarehe 4 Desemba, 1865, katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa kasisi wa kijiji hicho kwa zaidi ya miaka 40. Edith alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri, lakini husimuliwa kwamba chakula cha Jumapili kiligawiwa kwanza jirani waliokuwa maskini kabla ya wenyewe kuketi mezani.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kufundisha watoto majumbani. Toka mwaka 1890 hata mwaka 1895 alikaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kwa familia moja ya huko, ndipo alipokijua Kifaransa barabara. Kisha baba yake akaugua, naye akarudi nyumbani kumwuguza. Kazi hiyo ya kukesha kando ya kitanda cha mzee ndiyo iliyomwonyesha njia yake. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 30, aliingia Hospitali ya London kujifunza uuguzi chini ya matroni Eva Lückes, mwanamke aliyesifika kwa ukali na kwa kuipenda kazi yake.

Mwaka 1897 homa ya matumbo ilizuka katika mji wa Maidstone, kwa ajili ya maji machafu. Watu zaidi ya 1,700 waliugua, na 132 kati yao wakafariki. Cavell alikuwa miongoni mwa wauguzi waliopelekwa kuwasaidia, na mji ule ukawapa nishani ya shukrani. Hata hivyo matroni Lückes aliandika katika daftari lake kwamba mwanafunzi huyu hakuwa mtu wa kushika saa, wala hakuwa wa kutegemewa kwa kila jambo. Tunalitaja jambo hili makusudi, ili kuruta anayeandikwa vibaya leo asidhani kwamba habari yake imekwisha. Tabia ya kazi hujengwa, na yeye alikuja kuijenga.

SHULE YA BRUSSELS

Baada ya kuhitimu alifanya kazi katika hospitali za maskini mjini London, na baadaye kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Ubelgiji, Antoine Depage, alimwita awe matroni wa shule mpya ya wauguzi mjini Brussels. Wakati huo nchini Ubelgiji wagonjwa walitunzwa hasa na watawa wa kike, ambao walikuwa na huruma nyingi lakini hawakufunzwa uganga wa kisasa. Tena mabinti wa jamaa wenye heshima waliona haya kufanya kazi ya mshahara. Shule ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1907, na wanafunzi wachache tu.

Yule aliyeandikwa kwamba hashiki saa sasa alikaa mezani asubuhi na saa yake mbele yake. Mwanafunzi aliyechelewa zaidi ya dakika mbili aliongezewa saa mbili za kazi. Alisisitiza usafi wa mikono na wa vyombo, utii wa maagizo ya daktari, na kutotoa nje siri za mgonjwa. Mwaka 1910 alianzisha gazeti la wauguzi kwa Kifaransa. Kufika mwaka 1912 shule yake ilikuwa ikipeleka wauguzi katika hospitali tatu na mashule mengi ya nchi ile. Hivyo kabla ya vita kumfanya mashuhuri, alikuwa amekwisha kufanya jambo kubwa: aliifanya kazi iliyodharauliwa kuwa taaluma yenye kanuni.

VITA VYAINGIA

Mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza, Cavell alikuwa likizoni kwao, akimtembelea mama yake mjane. Angeweza kubaki. Lakini alirudi Brussels, kwa kuwa aliona kwamba huo ndio wakati ambao angehitajiwa zaidi. Wajerumani waliivamia Ubelgiji tarehe 4 Agosti, na tarehe 20 wakaingia Brussels. Hospitali yake ikawekwa chini ya bendera ya Msalaba Mwekundu. Aliwaagiza wauguzi wake kwamba kila majeruhi atatunzwa sawasawa, awe Mbelgiji, Mwingereza au Mjerumani, kwa kuwa kila mmoja wao ni mtoto wa mtu. Askari wa Kijerumani walitibiwa hapo. Hapo Cavell alitimiza kanuni ya kwanza ya kazi yake bila doa lolote.

Jaribu lake lilikuja mwezi wa Novemba 1914. Baada ya vita vya Mons, askari wengi wa Kiingereza na Kifaransa walikuwa wameachwa nyuma ya mstari wa adui, wakijificha misituni na mashambani. Wawili kati yao waliletwa mlangoni kwake usiku. Akawapokea, akawaficha, kisha akawasaidia kutoroka hadi Uholanzi, nchi ambayo haikuwa upande wowote. Baada ya hao walikuja wengine. Mtandao mzima ulikuwa umeundwa. Mwana wa kifalme Reginald de Croÿ na dada yake Marie waliwaficha watu katika jumba lao na kuwatengenezea vyeti vya uongo. Mwalimu Louise Thuliez na mchora ramani za majengo Philippe Baucq walikuwa miongoni mwa walioshughulikia safari. Kwa muda wa miezi tisa hivi, watu wapatao 200 walipitia mikononi mwa Cavell.

Wasomaji wetu wazingatie hapo. Kumtibu majeruhi wa upande wowote ni wajibu wa mwuguzi, na sheria humlinda kwa kufanya hivyo. Bali kumwondoa askari mzima nyuma ya mistari ili akajiunge tena na jeshi lake ni tendo la vita. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1906 ulikuwa umekwisha kusema kwamba ulinzi wa hospitali hukoma pale inapotumiwa kumdhuru adui. Cavell aliujua mpaka huo, akauvuka kwa hiari yake, kwa kuwa aliamini kwamba wale askari wangekamatwa wangeuawa. Hakuwaambia wauguzi wake yaliyokuwa yakitendeka, ili hatari isiwafikie. Aliubeba mzigo mwenyewe.

KUKAMATWA NA KUHUKUMIWA

Polisi wa siri wa Kijerumani walimkamata tarehe 5 Agosti, 1915, wakamtia katika gereza la Saint-Gilles. Alihojiwa mara tatu. Mahojiano yalifanywa kwa Kifaransa, lakini maelezo yakaandikwa kwa Kijerumani, naye akayatia sahihi. Husimuliwa kwamba wahojaji walimwambia wenzake wamekwisha kukiri, na yeye, ambaye hakuzoea kusema uongo, akaeleza yote. Wako wanaomlaumu kwa hilo, kwa kuwa maneno yake yaliwagusa na wengine. Sisi hatumlaumu upesi. Mtu aliyefunzwa maisha yake yote kuandika kweli katika chati ya mgonjwa hawezi kugeuka mwongo kwa siku moja.

Kesi yake na ya wenzake, jumla yao 35, ilisikilizwa tarehe 7 na 8 Oktoba katika jengo la Bunge mjini Brussels. Wakili wake, Sadi Kirschen, hakuruhusiwa kumwona kabla ya kesi wala kusoma hati za mashitaka. Cavell alifika mahakamani kwa nguo za kiraia, asivae sare yake ya uuguzi, ingawa sare hiyo huenda ingewalainisha mioyo mahakimu. Watu wengi hudhani kwamba alishitakiwa kwa ujasusi. Sivyo. Shitaka lilikuwa kumpelekea adui askari, ambalo kwa sheria ya kijeshi ya Kijerumani lilihesabiwa kuwa uhaini wa vita, na adhabu yake ilikuwa kifo. Nyaraka za Ubelgiji zilizotangazwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba baadhi ya watu wa mtandao ule walipeleka pia habari za kijeshi, lakini si hilo aliloshitakiwa Cavell.

Tarehe 10 Oktoba aliwaandikia wauguzi wake barua ya kuwaaga. Aliwaomba msamaha ikiwa aliwahi kuwa mkali kupita kiasi, akawahakikishia kwamba aliwapenda kuliko walivyodhani. Kesho yake, jioni, hukumu ikatolewa. Watu watano walihukumiwa kufa. Usiku ule ule wajumbe wa Marekani na wa Hispania walikwenda kumwombea kwa wakuu wa Kijerumani, wakihimiza angalau hukumu icheleweshwe. Jenerali von Sauberzweig, gavana wa kijeshi wa Brussels, alikataa. Kasisi Stirling Gahan alimwona Cavell gerezani. Alimkuta ametulia. Alimwambia kwamba sasa, mbele ya Mungu, anaona kuipenda nchi yako peke yake hakutoshi, wala hapaswi kumchukia mtu yeyote. Alfajiri ya tarehe 12 akapelekwa kwenye uwanja wa shabaha uitwao Tir National, akapigwa risasi pamoja na Baucq. Alikuwa na umri wa miaka 49.

HARAKA ISIYO NA BARAKA

Waliosalia watatu waliohukumiwa kufa hawakuuawa. Dunia ilikuwa imekwisha kupiga kelele. Nchini Uingereza picha ya mwuguzi huyu ilibandikwa kila mahali, na vijana wengi wakajiandikisha jeshini kwa ajili yake. Hivyo yule aliyekufa akikataa chuki alitumiwa kuikuza chuki. Na Ujerumani, iliyotaka kutisha watu, ikajiongezea maadui. Tusisahau pia kwamba mataifa mengine hayakuwa safi: mwezi wa Oktoba 1917 Ufaransa nayo ilimpiga risasi mwanamke, Mata Hari, kwa shitaka la ujasusi.

Mwaka 1919 mwili wa Cavell ulirudishwa Uingereza, ukazikwa kando ya Kanisa Kuu la Norwich. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaandikisha wauguzi, ili asije mtu yeyote akajiita mwuguzi bila ya mafunzo.

MAFUNDISHO KWA ASKARI

Je, mahakama ile ilivunja sheria? Kwa sheria ya kijeshi ya wakati ule, watu wengi wenye elimu ya sheria husema kwamba ilikuwa na haki ya kumhukumu. Lakini kuwa na haki ya kutoa adhabu si sawa na kuwa na busara ya kuitoa. Wakili asiyeona hati, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha nyingine, na saa chache tu kati ya hukumu na risasi: mambo hayo ndiyo yaliyoacha doa. Dunia ilijifunza pole pole. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unaagiza kwamba katika nchi iliyotekwa raia aliyehukumiwa kufa apewe nafasi ya kuomba msamaha, na kwa kawaida hukumu isitekelezwe kabla ya miezi sita kupita. Kama kanuni hiyo ingalikuwapo mwaka 1915, yawezekana Cavell angalirudi wodini kwake.

Itifaki ya mwaka 1977 iliongeza kwamba mtu asiadhibiwe kwa kutoa matibabu yanayolingana na maadili ya taaluma, hata kama aliyetibiwa ni adui. Na wauguzi wenyewe, katika chama chao cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1899, walitangaza kanuni zao za maadili mwaka 1953.

Kwa hiyo askari mwenzetu akimkuta mwuguzi anamfunga jeraha mwasi au jambazi, asimwone kuwa ni msaliti; yuko kazini. Kamanda asimwagize dereva kuficha silaha katika gari la wagonjwa, kwani siku moja adui atalipiga gari lililobeba watu wake mwenyewe. Na polisi anayeandika maelezo ya mshitakiwa ahakikishe kwamba mshitakiwa anaelewa kila neno kabla ya kutia sahihi.

Edith Cavell alikuwa na makosa yake, na alivuka mpaka akijua. Lakini wale Wajerumani aliowaosha vidonda mwaka 1914 hawakupata kwake dawa pungufu kwa sababu ya sare yao. Hilo ndilo tunalopenda wasomaji wetu walikumbuke, siku watakapoletewa adui aliyelala juu ya machela.