Charles Darwin: kupumzika kulipomshinda

Wengi tunamkumbuka Charles Darwin, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1809, kwa kueleza jinsi viumbe hai wanavyobadilika. Tunachokisahau ni kwamba kwa miaka mingi alisumbuliwa na moyo kwenda mbio, kutetemeka na kutapika.

Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Down, mbali na zogo la London. Utulivu wa kijijini haukumponya. Kuzungumza na wageni tu kuliweza kumwacha akitetemeka. Mwaka 1849 alikwenda na familia yake Malvern, akatibiwa kwa maji baridi kwa miezi kadhaa. Alipata nafuu, kisha maradhi yakarudi. Alihofia pia kwamba watoto wake wameyarithi. Kazi ndiyo iliyomsahaulisha. Akikaa bure, alijisikia vibaya zaidi. Alifariki mwaka 1882.

Wataalamu hawajakubaliana aliugua nini, ila baadhi yao wanataja wasiwasi uliopita kiasi. Maisha yake yanatufunza jambo moja. Mwili wa mwenye wasiwasi hukesha, kama mkulima wa jirani na hifadhi ya Mikumi anayelinda mahindi yasiliwe na tembo. Kazi ikiisha, akili hugeukia mapigo ya moyo na mawazo mabaya. Ndiyo maana kumwambia atulie hakutoshi.

Tuanze kidogo kidogo: kupumua polepole, au kutembea kila siku kama Darwin alivyofanya karibu na nyumba yake. Hali isipotulia, tumsindikize zahanati.